Kwa Nyuklia

"Uyombo ipi, ya ufuoni ama ya kwa Nyuklia?"

Kijana wa bodaboda aliniuliza hivyo pale Matsangoni, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pikipiki, kana kwamba Nyuklia ni mzee fulani mwenye boma lake na mbuzi wake. Pwani tuna Kwa Jomvu na Kwa Bulo. Sasa tuna Kwa Nyuklia, na mwenye jina hajahamia. Uyombo hakuna kinu. Hakuna hata jiwe la msingi. Nikamuuliza kama ni mahali pawili tofauti.

"Ni pamoja," akasema. "Tofauti ni nauli. Wa kwa Nyuklia hulipiwa na mashirika."

Nilipomwapia kwamba nimejilipia mwenyewe tangu stendi ya Buxton, alinihurumia kwa shilingi hamsini, tukashika njia ya vumbi kuelekea baharini.

Safari ya kutoka Mombasa haikuwa na la kusimuliwa. Mtwapa msongamano, Vipingo mkonge, kisha daraja la Kilifi ambapo abiria wote, hata waliolivuka mara mia, hugeuza shingo kutazama maji. Kisa chenyewe kilianza zamani, mwaka 2010, serikali ya Kenya ilipounda kamati ya kuandaa umeme wa nyuklia. Mwaka 2012 kamati ikawa bodi, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaigeuza bodi kuwa wakala. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Wakatafuta mahali penye maji mengi, kwa kuwa kinu kina kiu kisichokatika, na kidole kikatua Kilifi. Ndani ya Kilifi kikatua Uyombo, kijiji cha wavuvi kinachopakana na hori la Mida.

Niseme mapema kwamba sikwenda nikiwa adui wa nyuklia. Mwaka 2019, mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Lamu, nilishangilia, halafu nikabaki na swali: tukikataa makaa, tutawasha nini? Wafaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wao kutoka kwa vinu vya nyuklia, na anga yao haifuki moshi. Moshi wa makaa huua watu kila mwaka, kimyakimya, bila picha kwenye televisheni. Basi mabishano ya barazani yakija, mimi ndiye niliyekuwa upande wa kinu. Nilikwenda Uyombo nikiwa na hoja zangu zimepangwa kama vikombe kabatini.

Pikipiki ilinishusha penye mnazi ulioinama. Maji yalikuwa yametoka, na ufuo umebaki na vidimbwi na harufu ya mwani. Chini ya kivuli cha mkwaju mzee mmoja alikuwa akisuka lema, fito zikipita vidoleni mwake bila yeye kuzitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nyuklia ama wa kupinga nyuklia?"

"Wa kuandika."

"Aa. Hao ndio wengi zaidi." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Haya, kaa. Wewe uliyesoma, niambie moja tu. Nimeambiwa hicho chungu chao ukiondoa kuni hakipoi. Kweli ama fitina?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bomu, ya watoto wenye vichwa viwili, ya samaki wanaong'aa usiku. Swali hili sikulitarajia, na ndilo swali la pekee ambalo mhandisi wa nyuklia hulala nalo na kuamka nalo.

Ni kweli, nikamwambia. Ndani ya kinu atomi za urani hupasuliwa, na kupasuka kwake hutoa joto; joto huchemsha maji, mvuke huzungusha rafadha, rafadha inazungusha jenereta. Mpaka hapo ni birika tu, birika kubwa. Unaweza kuusimamisha mpasuko huo kwa sekunde chache, kwa kushusha fito maalumu zinazoumeza. Lakini vipande vilivyokwisha kupasuka havitulii. Vinaendelea kuchakaa vyenyewe na kutoa joto. Dakika ile ya kuzima, joto linalobaki ni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yote ya kinu. Baada ya siku nzima huwa limeshuka chini ya asilimia 1. Inasikika ndogo. Lakini kinu cha megawati 1,000 za umeme hupika kama megawati 3,000 za joto, kwa hiyo hata nusu ya asilimia moja ni megawati 15, ndani ya sufuria iliyofungwa, usiku na mchana, na mtu hawezi kuiambia ipumzike.

Mzee akaacha kusuka.

"Kama tanuri la chokaa," akasema. Ujanani mwake alichoma chokaa ya matumbawe, kazi ya watu wengi wa mwambao wakati ule. Unapanga magogo, unapanga mawe juu yake, unatia moto, kisha moto unakwisha na tanuri linabaki jekundu ndani siku na siku, na ole wako uligusapo. "Lakini tanuri," akaendelea, "nikiliacha nikaenda kuzika, nikirudi nalikuta limepoa lenyewe. Hilo lao likiachwa?"

"Likikosa maji linajiyeyusha."

Akachukua ufito mwingine. Nikaona nimepoteza kikombe kimoja kabatini.

Kwa sababu huko ndiko Fukushima ilikopitia. Watu hukumbuka tetemeko na wimbi la tarehe 11 Machi 2011, na kudhani vinu vilivunjwa na bahari. Havikuvunjwa. Vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe ardhi ilipotikisika, sawasawa na vilivyofundishwa. Tetemeko likakata nyaya za umeme wa gridi. Majenereta ya dizeli yakawaka, sawasawa pia. Kiasi cha saa moja kasoro ikaja tsunami, mita kama 14, ikapanda juu ya ukuta na kumwagika hadi vyumba vya chini, na humo ndimo majenereta mengi yalimowekwa. Yakazama. Betri nazo zikaisha. Kituo kilichojengwa kuuza umeme kikakosa umeme wa kusukuma maji yake mwenyewe. Siku chache baadaye nyoyo za vinu vitatu zilikuwa zimeyeyuka, na gesi ya hidrojeni ilikuwa imepasua mapaa.

Mzee akaniuliza wimbi la mita 14 ni refu kiasi gani. Nikamwonyesha mnazi ulioinama, nikasema kama huo ukisimama wima. Akautazama muda. Kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi nililisoma na yeye aliliona: siku iliyofuata Krismasi ya 2004, bahari hapa Uyombo ilitoka ikarudi, ikatoka ikarudi, bila kufuata saa zake, kama mtu aliyekimbia anapumua. Lilikuwa lile wimbi la Sumatra, limevuka bahari yote ya Hindi. Kenya tulipata onyo kabla, fukwe zikaondolewa watu, na bahati maji yalikuwa yametoka. Akafa mtu mmoja. Somalia walikufa mamia. Sisi si Japani, ardhi yetu haitikisiki vile, na sitaki kumtisha mtu kwa wimbi. Hofu yangu mimi, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda, ilikuwa nyepesi zaidi na ya kila siku. Ilikuwa stima.

Mkenya yeyote anajua ninachosema. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilizimika, karibu yote, kwa saa nyingi. Nyumbani kwangu nyama ya wiki iliharibika kwenye friji. Hilo ni langu. La taifa lilikuwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa Nairobi, ambako wasafiri walikaa gizani wakimulika kwa simu kwa sababu jenereta la kuhudumia baadhi ya majengo lilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi. Miezi michache baadaye gridi ikazimika tena, na tena. Uwanja wa ndege ukikosa umeme, watu hukasirika na kuchelewa. Sasa weka kinu mahali pa uwanja.

Wenye kukitetea watanijibu, na wana haki, kwamba miundo mipya haitegemei jenereta: maji huwekwa kwenye tangi juu, hatari ikitokea hushuka yenyewe kwa uzito wake, na kuna muundo unaojimudu hivyo kwa saa 72 bila umeme wala mkono wa mtu. Ni ufundi mzuri, naupigia makofi. Ila saa 72 ni siku tatu, na baada ya siku tatu lazima mtu afike na maji. Tena kuna hesabu nyingine ambayo barazani sikuwahi kuifanya. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi kama sehemu ya kumi ya gridi nzima, ili ukizima ghafla usiiburute gridi nao. Kilele cha matumizi ya Kenya, saa za jioni kila mtu anapopika na kuwasha taa, mwanzoni mwa 2025 kilikuwa kama megawati 2,300. Mtambo mmoja wa 1,000 juu ya gridi hiyo ni tembo ndani ya ngalawa: akikaa tuli mnasafiri, akigeuka kujikuna mnaogelea wote. Na gridi ikianguka, ni kinu kilekile kinachohitaji umeme wa gridi kujipoza.

"Na kinaweza kuzima ghafla kwa nini?" mzee akauliza. "Si wanasema ni cha kutegemewa?"

Nikamwambia habari ya yavuyavu. Mwaka 2013 kule Oskarshamn, Uswidi, na tena Agosti 2025 kule Gravelines, Ufaransa, yavuyavu walifika kwa wingi wakaziba vichujio vya maji ya bahari, vinu vikajizima. Hakuna aliyedhurika. Mitambo ilifanya kama ilivyotakiwa.

Mzee alicheka mpaka lema likamwanguka mapajani. "Yavuyavu!" akasema. "Hapa msimu wao ukifika hatutupi nyavu. Wangetuuliza sisi." Akajifuta macho. "Wangetuuliza tu."

Hilo la kuulizwa ndilo lililowatoa watu majumbani. Walilipeleka hadi Seneti mwaka 2023, kwa ombi rasmi, na Mei 2024 maandamano ya hapa kijijini yaliishia kwa makabiliano na polisi, watu wakaumia. Nililisikia zaidi kutoka kwa mama mmoja aliyetukuta pale, ndoo ya chaza kichwani, khanga imefungwa juu ya buibui iliyolowa mpaka magotini. Alituletea habari za bei kwanza, kama ilivyo ada, kisha akaketi. Yeye hakusema lolote juu ya atomi.

"Kaka yangu," aliniambia, "mimi sijui kama kile kitu ni kizuri ama kibaya. Najua waliokuja kutuambia ni kizuri walikuja na makaratasi ya Kiingereza na soda. Nikauliza, siku kitu kikiharibika nani atatuambia? Wakasema kuna mamlaka. Hata Owino Uhuru kulikuwa na mamlaka."

Hapo alinipiga pasipo kinga. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda kule Mombasa, si mbali na nilikokulia. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Risasi ikaingia kwenye vumbi, kwenye maji, kwenye damu ya watoto. Watu walilalamika miaka kiwanda kikiendelea kuvuta moshi, mpaka kilipofungwa 2014. Mama aliyeongoza vita vile, Phyllis Omido, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mwanawe mwenyewe alikutwa na sumu ile. Alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mahakama ya rufaa ikalifuta agizo hilo, na Mahakama ya Juu ikalirudisha mwishoni mwa 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa, ndipo kesi ikafika mwisho, na ni shirika la mama huyo huyo lililosimama na watu wa Uyombo.

Ninakubali kwamba kiwanda cha betri si kinu cha nyuklia. Kinu kina wakaguzi wa kimataifa wanaokuja na mihuri na kamera. Lakini tanuri lile la betri lilikuwa kazi nyepesi mno ya kulinda: moshi unaonekana, risasi inapimika kwa sindano ya damu, na kiwanda kilikuwa kando ya barabara kuu. Mama yule hakuwa akinilinganishia mitambo. Alikuwa akilinganisha walinzi.

"Na hata kisipoharibika," akaongeza akiinuka, "samaki akishasemwa amesemwa."

Nikafikiri hilo alilitoa wapi, maana ndilo kilio cha wavuvi wa Fukushima mpaka leo. Agosti 2023 Wajapani walipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kile kituo, shirika la kimataifa la atomi lilisema mionzi iliyobaki ni kidogo mno. China ilifunga mlango kwa samaki wa Japani siku hiyo hiyo. Mizani ya mtaalamu na mizani ya sokoni hazipimi kitu kimoja, na mvuvi hula kutokana na ile ya pili.

Mchana maji yalipojaa, mpwa wa mzee alinivusha hori kwa mtumbwi wake. Sijui niielezeje Mida kwa mtu asiyeiona. Mikoko imesimama pande zote, mizizi yake ikiwa imekanyaga matope kama miguu ya korongo. Katikati maji ya kijani yanayokwenda haraka kuliko unavyodhani. Januari ndege wa kutoka kaskazini huwa wamejaa humu, mamia kwa mamia, weupe kwa weusi, wakipasua kaa kwa midomo minene. Nje ya mlango wa hori ndiko iliko hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Upande wa bara, ng'ambo ya barabara kuu, upo msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zaidi ya 400, nyumba ya bundi mdogo wa Sokoke. Watu wa kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo tangu 1993. Ni mahali ambapo ukichora duara la kilomita moja umekwisha mgusa mtu anayekula kutokana na kiumbe fulani.

Mpwa alinipa kasia nijaribu, akajutia. Nilipokuwa nikituzungusha palepale nilitia mkono majini. Yalikuwa ya uvuguvugu tayari, kaskazi hii.

Katika kila sehemu tatu za joto la kinu, moja tu ndiyo hugeuka umeme. Mbili hutupwa. Kinu cha megawati 1,000 kilicho kando ya bahari huvuta makumi ya tani za maji kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na nyuzi kadhaa za joto juu yake, hata kama kila skrubu imekazwa na kila mfanyakazi ni mwaminifu. Hii si ajali, ni kazi ya kawaida ya siku. Katika bahari baridi, kama ile ya Koeberg kaskazini mwa Cape Town, ambako Afrika Kusini imekuwa ikiendesha vinu viwili tangu miaka ya 1980, bahari huvumilia. Matumbawe yetu hayana pa kusogea. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la ziada kwa miezi michache tu, matumbawe ya Watamu na Malindi yaligeuka meupe na mengi yakafa. Wavuvi wa makamo wanaukumbuka mwaka huo kama wengine wanavyokumbuka ukame. Na pamoja na maji, bomba huvuta mayai ya samaki, vifaranga vya kamba, kila kidogo kinachoelea. Nilimwuliza mpwa samaki wachanga hukaa wapi humu. Akaonyesha mizizi ya mikoko kwa kidevu, pande zote.

Alinishusha ng'ambo nikapanda tuktuk hadi Gede. Nilikuwa sina haja ya kwenda Gede. Ni kwamba matatu hupitia hapo, na jua lilikuwa kali, na ndani ya magofu mna miti.

Wengi mnayajua: msikiti mkubwa, jumba la mfalme, nyumba zenye vyumba vya kuhifadhia ushanga na vyungu vya Uchina, visima virefu, na mibuyu iliyoota juu ya kuta. UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2024. Ulistawi karne kadhaa, ukaachwa karne ya 17, na waliokuja baadaye waliukuta msitu umekwisha umeza. Jina la Gede lenyewe linasemekana si la wenyeji wake. Ni la Kioromo, la watu waliopita ukiwa tayari umekufa.

Kuna kaburi lenye tarehe. Limeandikwa kwa Kiarabu, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilisimama mbele yake nikijaribu kuisoma nikashindwa; mlinzi akanisomea, naye akakiri alifundishwa na mlinzi aliyemtangulia.

Nikawaza taka. Fito za urani zikishatumika hutolewa kinuni na kuzamishwa kwenye bwawa miaka kadhaa, zikipozwa kwa pampu, yaani kwa stima tena, kisha huhamishiwa kwenye makasha ya chuma na zege. Baada ya hapo duniani kote hadithi huwa haina mwisho, ila Wafini wamechimba mwamba zaidi ya mita 400 kwenda chini, mahali paitwapo Onkalo, wazizike humo. Wamepiga hesabu ya miaka 100,000. Plutoni iliyomo ndani ya taka hizo huchukua miaka 24,100 kupungua kwa nusu tu. Na hapa pana watu waliokuwa na msikiti, mahakama, biashara na China, waliochonga tarehe juu ya jiwe ili isipotee, na miaka 600 na ushei baadaye mtoto wa Mombasa aliyepitia chuoni anasomewa na mlinzi. Wenye kinu chetu wangeandika onyo lao kwa lugha gani?

Katika makaratasi ya Uyombo niliyowahi kuyaona, sura ya taka ilikuwa fupi kuliko ya nafasi za kazi.

Jioni nilikaa Gede stendi nikingoja gari, nikila mabuyu, nikichora kwenye daftari. Japani waliwaondoa watu wote waliokuwa ndani ya kilomita 20. Chernobyl, mwaka 1986, ikawa 30. Nikaweka ncha ya kalamu Uyombo nikazungusha duara la 30. Watamu imo. Gede imo. Malindi imo, na hospitali yake. Kilifi iko ukingoni. Barabara kuu ya kuwatoa ni moja, hii niliyokuwa nikiitazama, njia mbili, na wakati ule ule ilikuwa imefungwa na lori la mchanga lililopasuka gurudumu. Kule Fukushima waliokufa kwa ajili ya kuhamishwa, wazee waliotolewa hospitalini, wagonjwa waliokatiwa dawa, watu waliokata tamaa katika vyumba vya muda, walipita 2,000. Kifo kimoja tu cha mfanyakazi ndicho serikali yao imekihusisha na mionzi. Wapenda nyuklia huitumia hesabu hiyo kusema mionzi haikuua, na nami nimeitumia. Pale stendi, nikimtazama utingo akijaribu kuliondoa lile lori barabarani kwa matusi, niliisoma upya.

Gari lilipatikana saa moja usiku. Tulikuwa tumefika Kilifi darajani simu ikalia. Ni mzee, kanitafuta kwa nambari niliyomwachia mpwa wake. Aliuliza kwanza kama nimefika salama. Nikasema bado niko njiani.

"Lile jambo la Siaya ulilonitajia," akasema. Asubuhi nilikuwa nimempa kama habari njema: tangu 2025 macho ya serikali yamegeukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, huenda Uyombo mmeepuka. Hakujibu wakati ule. Alikuwa anakaza fundo. "Nimelifikiria. Ziwa halina kujaa wala kutoka kama huku kwetu, sivyo? Sasa wakiyachemsha maji yale, yatakwenda wapi?"

"Yanatoka, mzee. Yanatokea Uganda, ndiyo Mto Nile."

"Ahaa. Na Waganda wameshaulizwa?"

Nikafungua mdomo, na salio lake likakatika.